Vyumba 52

Nikiri mapema: nazipenda riwaya za Kiingereza zenye majumba makubwa ya mashambani. Mansfield Park ya Jane Austen nimeisoma mara tatu hapahapa Kijenge, mvua ikipiga bati. Mara ya kwanza wala sikushtuka mwenye jumba alipoondoka kwenda Antigua, kisiwa cha mashamba ya watumwa, kuangalia mali yake. Nilitaka arudi haraka tu, hadithi iendelee.

Mwaka juzi nikapanda basi hadi Nairobi, kisha matatu hadi Nakuru, nikalione Jumba la Egerton kule Njoro. Lord Maurice Egerton alikuwa na Tatton Park, jumba la ukoo wake huko Cheshire, Uingereza, lakini akataka jingine Kenya. Ujenzi ulianza 1938, vita vikausimamisha, ukamalizika 1954. Kuta za mawe, vyumba 52, ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa. Mwenyewe hakuoa, na inasimuliwa kwamba wanawake walipigwa marufuku kukanyaga pale. Alifariki 1958.

Nilipiga picha mpaka simu ikaisha chaji. Niliporudi nikaenda kwa bibi, Ngare Nanyuki, nimwonyeshe.

"Shikamoo bibi. Tazama, nyumba moja, vyumba hamsini na viwili!"

"Marahaba. Walikaa wangapi?"

"Mmoja."

Akanirudishia simu. "Sisi tulikuwa tisa."

Sikuuliza anasema nyumba ipi. Novemba 1951, jumba la Njoro likiwa bado halijaisha, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Bibi alikuwa binti mdogo. Alitoka na sufuria kichwani na mdogo wake mgongoni.

Riwaya zile bado nazisoma, sitadanganya. Ila nikifika pale pa Antigua siku hizi nasimama kidogo.

Siku ile nilimwomba bibi anichoree nyumba yao. Akaokota kijiti, akachora duara mavumbini. Mlango huku. Mafiga katikati. Mbuzi upande ule, watoto upande huu.

"Basi," akasema, "imeisha."

Nayo nikaipiga picha.