Kiwanja cha Hewani

Mtu akihama nyumba, nyumba haihami naye. Hubaki pale pale ikingoja mpangaji mwingine. Ndivyo yalivyobaki mawimbi yaliyochukua picha za televisheni nchini Kenya tangu 1962. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analojia ya Nairobi na jirani zake ilizimwa, na hapa kwetu Syokimau antena zilizosimama juu ya mapaa kama miiba ya samaki zikakosa la kupokea. Wenye vituo walikuwa wameishitaki serikali, na Citizen, NTV, KTN na QTV vilinyamaza kwa siku 19 hivi. Watu walisema mengi juu ya kimya hicho, na zaidi juu ya bei ya king'amuzi. Walioulizia nafasi iliyoachwa hewani walikuwa wachache mno.

Jambo hili hunistaajabisha katika mji kama wetu. Mwezi wa Novemba 2011 nyumba zilibomolewa Syokimau kwa madai kwamba zilijengwa katika ardhi ya uwanja wa ndege, na tangu siku hizo uzito wa neno kiwanja haufundishwi mtu hapa. Basi, msomaji, wimbi nalo ni kiwanja. Lina mipaka, na wawili wakilijenga pamoja huharibiana. Kituo kimoja cha analojia kilihitaji upana wa megahezi 8. Katika upana huo huo mtambo wa dijitali hupitisha vituo kumi na zaidi. Kwa hiyo viwanja vingi vilibaki vitupu, navyo si vya changarawe, kwa kuwa mawimbi ya chini ya megahezi 1000 husafiri mbali na hupenya kuta za mawe kuliko yaliyo juu yake.

Wapangaji wapya ni kampuni za simu. Safaricom ililipa dola milioni 25 za Marekani kwa sehemu ya megahezi 800. Airtel na Telkom nazo zikapata sehemu zao. Sikatai faida yake. Mwanafunzi wa Mlolongo husoma leo kwa simu vitabu ambavyo maktaba yake haina. Lakini picha ya analojia ilishuka kama mvua: mwenye chombo alikinga, na watazamaji elfu hawakumgharimu mrushaji zaidi ya mmoja. Katika mawimbi yale yale mwanafunzi huyu sasa hupimiwa, naye hununua kwa kipimo. Kipimo kikiisha, somo hukatika katikati ya sentensi. Mali ya umma imepangishwa, na mwenye mali hulipa kuingia.

Palikuwa na njia nyingine, japo ndogo. Mwaka 2013, karibu na Nanyuki, mradi ulioitwa Mawingu, ulioungwa mkono na Microsoft, ulitumia mawimbi ya televisheni yaliyokuwa matupu kupeleka intaneti kwenye shule na zahanati, kwa nguvu ya jua.

Televisheni yenyewe haikufukuzwa kabisa. Imesogezwa chini, kati ya megahezi 470 na 694, ambako antena zetu za zamani zilikuwa zikisikia tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo wengi waliong'oa miiba ile ya samaki na kununua iliyoandikwa "dijitali" walinunua chuma kile kile. Jirani yangu aliyeiacha juu ya paa akaiunga na king'amuzi hutazama habari kila jioni.