Miguu Mitatu ya Kusimamishia Kamera

Mwaka 1906 Vittorio Sella alipanda Ruwenzori kupiga picha, na wapagazi walimchukulia mizigo. Sisi tunaokwenda kwa miguu kufundisha dini katika vijiji vya milimani tuna mabega yetu tu. Lakini ndani ya kanisa lisilo na taa, kamera ikitikisika mkononi, uso wa mama mzee aliyebatizwa hutoka kama moshi, na labda hana picha nyingine duniani. Basi tuchague miguu ya nyuzi za kaboni: ni myepesi kuliko ya alumini, ingawa bei yake ni kali. Yenye vipande vingi vyembamba hukunjwa ikawa mifupi, lakini hutetemeka; hiyo tuiache. Upepo ukivuma, tutundike katikati mfuko wa mawe. Mawe hatuyabebi, tutayakuta huko juu.