Aketiye Nyuma

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Tangu kuuzwa kwa kahawa ya msimu uliopita nilijikuta nimekuwa mchagua jembe. Nilikuwa na pikipiki moja kuukuu na fedha za kununua nyingine, na kwa miezi kadhaa sikuweza kuamua ni ipi itakayonifaa kwa safari ndefu.

Huenda msomaji wa Unguja akacheka. Kisiwa chake kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Vespa yenye magurudumu madogo humtosha kutoka Mji Mkongwe hadi Nungwi na kurudi kabla ya magharibi. Mimi naishi Kamachumu, kwenye uwanda wa juu katika wilaya ya Muleba. Kazi yangu ni kuwafuata wazee wachache waliobaki wa kupiga nanga, ambayo kwetu si ya kutilia jahazi bali ni chombo cha nyuzi, na kuzirekodi na kuzitafsiri tenzi za kale za Kihaya wanazoziimba. Profesa M. M. Mulokozi alizifanyia tenzi hizo tasnifu ya udaktari mwaka 1986. Mimi sina chuo nilichopitia. Nina pikipiki tu. Wiki hii niko Karagwe, wiki ijayo Biharamulo, na mara mojamoja hufika hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Basi la abiria halimsubiri mzee anayeutafuta ubeti alioupoteza.

Koo mbili za pikipiki za safari nilizijua vizuri mwaka 2022, pale nilipoitwa kwenye kituo cha mafuta mjini Muleba niwakalimanie Wazungu wawili waliotokea Uganda kupitia Mutukula. Mmoja alikuwa na BMW R 1250 GS, mwenziwe R 1250 RT. Injini zao zilikuwa zile zile, za sentimeta za ujazo 1,254, zenye silinda mbili zilizojitokeza ubavuni kama masikio. Miili ndiyo iliyotofautiana. GS ina gurudumu la mbele la inchi 19, shokapu ndefu na usukani mpana. Mwendeshaji hukaa wima, na njia ikiharibika husimama juu ya vikanyagio. Uzito wake ni kilo 249. RT ina kilo 279, magurudumu yote ya inchi 17, kioo kikubwa cha kukinga upepo, na siti ya nyuma pana kama kiti cha sebuleni. Ya kwanza hutazamia njia kuharibika, ya pili huiamini lami. Ukoo huo wa kwanza BMW iliuanza mwaka 1980 kwa R 80 G/S, herufi mbili zinazosimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya nyika na barabara.

Vijana wa bodaboda waliotuzunguka walitaka kujua wenyewe wanaziitaje. RT haikunisumbua, nilisema ni pikipiki ya matembezi. GS ilinikwamisha. Neno la Kiingereza walilolitumia lina maana ya kujitosa kwa hiari katika jambo usilolijua mwisho wake, kwa raha ya kule kujitosa. Nilijaribu "ujasiri", nikajaribu "mikasa", yote hayakufika. Kijana mmoja akanihurumia: "Mzee, sema tu pikipiki ya matope." Nilisema hivyo, na kila mtu akaelewa. Kwetu sisi tope halina hiari.

Koo hizo mbili nasi tunazo, kwa maumbo madogo. Ukoo wa matope ni Honda XL 125 na Yamaha DT 125, pikipiki za mabwana shamba na mapadri. Gurudumu la mbele la XL ni inchi 21, na madigadi imeinuliwa ili tope lisigande. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo. Ukoo wa matembezi kwetu ni Bajaj Boxer na jamii yake: magurudumu ya inchi 17, siti ndefu bapa, keria ya chuma, mafuta kidogo, na vipuri kila palipo na soko.

Mazoea yetu yalikuwa kuchagua kwa kuangalia mahali pabaya kuliko pote njiani. Lakini njia zimebadilika. Hadi Mwanza sasa ni lami, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, limechukua nafasi ya kivuko. Mgongo wangu wenye miaka zaidi ya hamsini unaipigia kura lami. Hata hivyo, katika kila kilomita mia, moja bado ni udongo mwekundu, na wazee wa nanga wote wanaishi katika hiyo moja. Nilijikumbusha pia habari za Ted Simon, aliyetoka London mwaka 1973 kwa Triumph ya cc 500 iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara nzuri, akaipitisha Afrika, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Maana yake ukoo wa pikipiki si ajali iliyokwisha kuandikwa.

Hesabu zote hizo nilizifanya nikiwa nimeketi mbele.

Nyuma yangu huketi Mama Koku, amepakata mkoba wa kinasa sauti. Kihaya cha bibi yake, cha jikoni, cha uzazi na cha palizi, ndicho kilichojaa katika tenzi hizo, nami nakijua nusu. Mwimbaji akifika kwenye neno la namna hiyo, yeye hunigusa begani, na jioni hunieleza. Jina lake silijaliandika katika tafsiri yoyote.

Masika ya mwaka 2024 tulianguka kwenye mteremko. Tairi ya nyuma ilikuwa kipara, nami nilikuwa nimeahirisha kuibadilisha. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Mimi nilichubuka goti, yeye alivunjika mkono. Hakulalamika. Mkono ulipopona, nikamwambia twende Karagwe, akanijibu: "Baba Koku, miaka yote hii wewe hushika usukani. Mimi hushika nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa akishika koti langu.

Nilimwomba mpwa wangu anipakie nyuma, tukaenda hadi mjini Muleba na kurudi. Nilikuwa sijawahi kuketi hapo. Aliye mbele hulijua shimo kabla halijafika, akajiandaa; aliye nyuma hupokea mshtuko bila taarifa, na mbele yake kuna mgongo wa mtu tu. Siti ya XL ilikuwa ya juu mno na fupi mno kwa mtu wa pili. Makala zote za kulinganisha pikipiki nilizozisoma kwa bidii zilikuwa zimeandikwa na watu walioketi mbele.

Basi nimenunua Boxer. Nimeifunga tairi zenye meno, na fundi wa kuchomelea hapa Kamachumu amenitengenezea mshikio wa chuma pande zote mbili za siti na kikanyagio kipana cha miguu miwili, kwa kuwa yeye huketi upande. Palipo na tope baya tutashuka tutembee. Kazi itakwenda polepole kuliko zamani, na wazee hawana siku nyingi. Hasara hiyo naijua. Lakini bila yeye ningewahi kufika tu, nikarudi na nusu ya utenzi.

Jana aliuvuta ule mshikio kwa mkono uliopona, akauvuta tena, akaniuliza kama kinasa sauti kina betri. Mzee wa Karagwe ametuma salamu: ule ubeti ameukumbuka.