Hafushafti Tatu

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika nyumbani Nyansurura saa mbili asubuhi, kabla hatujamaliza uji wa ulezi. Alifunga mizani yake kwenye tawi la mwembe, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akasubiri. Kaka ndiye aliyemwita. Mimi nilikuwa nimeomba siku tatu za kupanga spea za Tata, na hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Kwetu baba huitwa tata. Wa kwetu alikuwa dereva wa chama cha ushirika, na ushirika ulipochoka akanunua kwenye mnada gari lile lile alilokuwa akiliendesha: Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile ndefu ya inchi 109, yenye turubai nyuma na benchi mbili za pembeni. Hiyo ilikuwa 1991. Kwa miaka kumi na minane gari lilibeba mahindi, wagonjwa, maharusi na maiti kati ya kijijini na Mugumu. Mwaka 2009 aliliegesha nyuma ya nyumba akasema lipumzike kidogo. Alipofariki mwaka 2019 lilikuwa bado linapumzika.

Oktoba 2024, Arusha walipofanya tamasha la Land Rover, simu yangu ilijaa picha za magari kama letu, yamepakwa rangi, yanang'aa. Kaka akanipigia: kwa nini la kwetu lisiende safari nyingine? Mimi ni mwalimu wa sekondari Mwanza na nilikuwa na akiba kidogo. Tukakubaliana kwamba mimi nitagharamia matengenezo, yeye atafute fundi, na vyuma vilivyojaa stoo viuzwe kupunguza gharama. Nilidhani shughuli ingekuwa kununua vitu. Kumbe shughuli ilikuwa kuamua.

Tata hakuwahi kutupa kitu. Stoo ilikuwa na kabureta mbili, giaboksi iliyofunguliwa nusu, starta nne, rejeta iliyotobolewa na kuzibwa mara sijui ngapi, mipira ya breki iliyokauka kama nyama ya kuanika, na madebe ya bolti. Fundi aliyeletwa na Kaka, mzee wa Tarime mjini, alisimama mlangoni akacheka. "Madam," akasema, "baba yako alikuwa na magari mawili. Moja liko nje, jingine liko humu."

Alinifundisha namna ya kuchagua. Kitu chochote cha mpira, tupa, hata kama hakijatolewa kwenye pakiti, kwa sababu mpira huzeeka bila kutumika. Silinda na mipira ya breki nunua mpya; hapo usione huruma. Chuma cha kumimina, kama kasha la giaboksi, nyumba ya difu au bloku ya injini, kitunze hata kikiwa kichafu namna gani, maana kikipasuka huku kwetu hakuna wa kukimimina upya. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu. Hunyooshwa kwa nyundo na subira, ila pale inapogusana na chuma kwenye unyevu hugeuka unga mweupe. Chesisi ni chuma, na kutu huila kutokea ndani. Kwa hiyo unaigonga toka mbele hadi nyuma ukisikiliza, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Bolti usitupe hata moja, kwa sababu nyuzi zake ni za inchi, na bolti za Toyota ni za milimita. Ukipoteza moja unaweza kutafuta wiki nzima.

Nikachukua chaki. Nilichotaka kirudi kwenye gari nilikiandika G, cha kubaki stoo S, cha mizani M. Kanuni yangu ikawa rahisi: kisichopatikana kinabaki, kinachopatikana kinaondoka.

Kanuni iliyumba mara ya kwanza kwenye grili. Series III ilitoka kiwandani na grili ya plastiki, na ya kwetu ilikuwapo stoo, nzima, na vumbi lake. Lakini gari lenyewe lilikuwa limevaa grili ya waya ya Series II. Tata aliitafuta makusudi, kwa sababu ile unaifungua, unaiweka juu ya makaa, unachomea mbuzi. Fundi alisema wenye magari ya maonyesho hupenda kila kitu kiwe kama kilivyotoka Uingereza. Niliitazama ile ya waya, imepinda katikati pale nyama ilipokaa miaka yote hiyo. Nikaiandika G. Ile ya plastiki nikaiandika S, na nikajiona nimekuwa mwadilifu kwa pande zote mbili.

Siku ya tatu asubuhi, nyuma ya madebe, nilikuta hafushafti tatu. Hafushafti ni chuma kirefu kama fimbo ya kuchungia, kinachotoa nguvu kwenye difu na kuipeleka kwenye gurudumu. Katika Land Rover za zamani zile za nyuma zinajulikana kwa kukatika, na madereva wengi walitembea na moja ya akiba. Unafungua bolti sita kwenye gurudumu, unavuta, unaingiza nyingine, bila hata kupiga jeki. Lakini hizi zilikuwa tatu, zimepakwa grisi na kuviringishwa turubai, zimefungwa kamba kwa mafundo yale yale. Hazikuwahi kutumika. Na fundi alishaniambia kwamba spea hii bado inapatikana, ukiagiza Nairobi au Dar es Salaam. Kwa kanuni yangu, moja ilibaki na mbili zilikwenda kwenye mizani. Nikaandika M juu ya turubai mara mbili.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Alitazama ile herufi muda mrefu.

"Hizo umeziandika nini?"

Nikamweleza. Akaweka ungo chini.

Nilijua kwamba baada yangu alizaliwa mtoto ambaye hakuishi. Kwetu hilo lilisemwa kwa sentensi moja, na sentensi ile haikuwa na gari ndani yake. Sasa Mama alinipa zilizobaki. Ilikuwa masika ya 1993. Krosi za propela ya mbele zilikuwa zimekwisha, hela ya kununua nyingine haikuwapo, basi Tata akaing'oa propela yote akaiweka stoo. Gari likawa linavutwa na magurudumu ya nyuma tu. Watu wengi walifanya hivyo. Usiku uchungu ulipomshika Mama, wakamlaza kwenye benchi ya kushoto, Kaka akiwa ameshika kichwa chake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walivuka kijito, wakaanza kupanda utelezi, hafushafti ikakatika.

"Ililia kama kuni kavu," Mama alisema. Injini ilinguruma, gari halikusogea. Kwenye Land Rover ile kuna kifundo cha njano. Ukikibonyeza, magurudumu ya mbele nayo yanavuta. Kama propela ingekuwa mahali pake, gari lingepanda kwa magurudumu ya mbele, likafika. Tata alikibonyeza. Akakibonyeza tena na tena, huku akijua kwamba kule mbele hakuna kitu. Alfajiri watu walikuja na kitanda cha kubebea mgonjwa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa pale kwenye benchi, na hakulia sana.

Mwaka huo huo Tata alirudisha propela. Kisha akaanza kununua hafushafti. Moja alinunua Musoma, nyingine Mwanza, nyingine Sirari. Baada ya usiku ule haikukatika tena hata moja.

Nikachukua kitambaa nikafuta zile herufi. "Basi zote tatu zinabaki," nikasema.

"Hapana," Mama akasema. "Alinunua tatu kwa ajili ya usiku mmoja, na usiku ule umepita. Moja iwe ndani ya gari. Mbili kawape wenye gari kama hili, wanaolitumia. Huyu wa mizani asizipate." Akanyamaza kidogo. "Na benchi ya kushoto ing'oeni."

Mimi nilikuwa nimeiandika G. Nilikuwa hata nimeshaulizia bei ya ngozi ya kuivalisha upya.

Kaka ndiye aliyeing'oa. Yeye aliyetaka kila kitu kiuzwe kabla ya saa sita aliibeba peke yake mpaka mwembeni. Mnunuzi alipotaja kilo, Kaka alikuwa ameshageuka anarudi. Pesa nilipokea mimi.

Kanuni yangu iliishia siku ile. Ilikuwa kanuni nzuri kwa bolti na bloku ya injini. Lakini iliniuliza tu kama kitu kinapatikana dukani. Haikuniuliza kilinunuliwa kwa sababu gani, wala ni nani anayelazimika kukitazama kila siku.

Fundi alipofika kwenye propela ya mbele alishauri tuiache, kwa kuwa gari la tamasha halipandi matope na krosi mpya ni gharama. Nilimwambia airudishe, na krosi ziwe mpya zote. Hakubishana. Zile hafushafti mbili alizipeleka Tarime kwa mtu ambaye bado anabebea mawe kwa Series III yake. Ya tatu iko nyuma ya kiti cha dereva. Kila tukiingia kwenye shimo inagonga bati, na fundi ameshaniambia mara mbili niifunge kwa mpira.

Siku ya kulijaribu gari, Mama alikaa mbele katikati yetu. Tulivuka kijito tukaanza kupanda. Barabara ilikuwa kavu, hakukuwa na haja yoyote. Alinyoosha mkono mbele, akakibonyeza kifundo cha njano mwenyewe, akaacha kiganja chake juu yake mpaka tulipofika kileleni.