Bunduki ya Panya

Wamama wapenzi, habari ninayowaletea juma hili ilianzia kwenye mfuko wa mbegu.

Mnajua tunavyozipata mbegu siku hizi. Maharagi niliyoyaweka kwa ajili ya kupanda mwezi wa 9 hayakuwa yangu yote. Nusu yake nilinunua kwa mkopo wa AVEC yetu, na mkopo hauulizi kama panya wamepita. Niliuweka mfuko nyuma ya kitanda, juu ya mbao mbili, nikajiona nimefanya kazi. Siku nilipokwenda kuutazama, ulikuwa umetobolewa chini, maharagi yamekatwakatwa, mengine yananuka mkojo. Niliyapima kwa kopo. Katika kila makopo kumi, manne hayakufaa kupandwa wala kupikwa. Usiku ule niliwasikia wakitembea juu ya dari kama wapangaji waliolipa miezi sita mbele.

Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 17. Baba yake yuko kwenye machimbo upande wa Walikale, anarudi akipata njia, kwa hiyo hapa Masisi kijana ndiye aliyebaki mwanaume wa nyumba. Jambo la mbegu lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Siku mbili baadaye akaniletea telefone yake.

«Mama, nimepata dawa.»

Kwenye picha kulikuwa na bunduki ya upepo, fupi, nyeusi. Chini yake kulikuwa na maneno ya kuisifu: ndogo, nyepesi, haina kelele, nzuri kwa panya na ndege waharibifu. Rafiki yake wa Goma alimwambia kuna mfanyabiashara anayeweza kuipitisha ndani ya mzigo wa nguo. Bei, dola 180. Yeye alikuwa na dola 70 alizopata kwa kubeba mbao, alitaka nimwongezee zilizobaki.

Sikumfokea. Ningemfokea, angeinunua bila mimi kujua. Nikamwambia: «Papa, keti. Mbuzi hatumnunui bila kumtazama meno. Na hiyo tuitazame meno kwanza.»

Tukamtafuta shemeji yangu aliyehamia Uingereza, ambaye kule anafanya kazi kwenye shamba la kuku. Alitujibu kwa sauti, ujumbe mmoja baada ya mwingine, na ninawapa alichotufundisha kwa sababu najua si mwanangu peke yake anayetazama picha hizo.

Bunduki ya upepo haina baruti. Hewa iliyobanwa ndiyo inayosukuma kipande kidogo cha madini ya risasi chenye upana wa milimita 4.5 au 5.5. Zinazotumika sana ni za namna mbili. Ya kwanza unaukunja mtutu kwa mkono, ndipo springi ya ndani inabanwa. Haihitaji kitu kingine, lakini ni ndefu, inataka mkono wenye nguvu, na springi yake inagonga. Ya pili ina chupa ya hewa, inajazwa kwa pampu mpaka kama bar 200, wakati tairi ya gari inabeba 2 au 3 tu. Hii ndiyo inayoweza kutengenezwa fupi na kufungwa kizibo cha kupunguza sauti. Tena, anayetaka kimya asitafute yenye mbio nyingi. Kipande kikipita mbio za sauti yenyewe, ambazo ni mita 340 hivi kwa sekunde, kinaipasua hewa kama mjeledi, na kizibo hakisaidii. Kwa panya wa ghalani inatosha yenye nguvu ya kadiri, kwa mwendo wa mita 20 au 25, nyuma ya panya kukiwa na ukuta wa kuzuia kipande kisiende kwa mtu.

Kule kwao, alisema, mtu mzima anaweza kuweka nyumbani bunduki ya namna hiyo bila cheti kama nguvu yake haipiti jouli 16 hivi. Lakini Scotland, tangu mwisho wa 2016, cheti ni lazima hata kwa hiyo.

Mwanangu alifurahi. Alidhani shemeji amemtetea. Mimi nikachukua kalamu, tukaanza kupima.

Kwanza, hesabu ya panya wenyewe. Panya jike anabeba mimba wiki 3 tu. Wale wa shambani, wenye matiti mengi tumboni, wanaweza kuzaa watoto 10 na kupita kwa mara moja. Ukipiga wawili kwa usiku, tena usiku wenyewe hauna umeme, kijana ameshika tochi mkono mmoja na bunduki mkono mwingine, unatwanga maji kinuni. Wakati unajaza hewa, dari imeshazaa.

Pili, ndege na nyani. Mwanangu alisema bunduki ingelinda pia mtama wetu, na kwa bamkwe wake Walikale ingelinda mihindi inayoliwa na nyani karibu na msitu. Lakini tufikiri. Tangu zamani tunalinda shamba kwa nini? Kwa kelele. Watoto wanapiga debe, wanapiga makelele, ndege wanaruka. Bunduki isiyo na sauti inaangusha ndege mmoja, na wenzake mia wanaendelea kula kwa sababu hawajasikia kitu. Nyani naye, kipande kile kinamjeruhi tu, anarudi msituni na donda. Tena upande wa Walikale ndiko msitu wa Kahuzi-Biega unakoingia, na wanyama wengi wa msitu ule wanalindwa na sheria. Usimtume mtoto akavunje sheria kwa ajili ya mihindi.

Tatu, chungu. Mtoto akipiga ndege au kindi, lazima atataka kumla. Madini ya risasi yakivunjika ndani ya nyama yanabaki humo, na ni sumu kwa ubongo wa watoto wadogo na kwa mama mwenye mimba. Na kushika panya na kindi kwa mikono mitupu ni hatari nyingine. Mpox, ugonjwa ulioonekana kwa mtu mara ya kwanza hapa Kongo mwaka 1970, unaweza kutoka kwa wanyama wa namna hiyo kuja kwa mtu. Mwaka 2024 ulienea tena kutoka Kivu ya Kusini mpaka dunia nzima ikatangaziwa hatari.

Kijana alisikiliza yote. Akasema: «Mama, hayo yote nitayaangalia. Nitapiga panya tu, ndani ya nyumba tu.»

Hapo nikaona bado hatujafika kwenye neno lenyewe. Nikamuuliza: «Kati ya yote yaliyoandikwa pale, nini kilikupendeza zaidi?»

Akasema: «Kwamba ni fupi. Na hailii.»

Wamama, nililiangalia neno hilo usiku kucha. Kwa shemeji, bunduki fupi isiyolia ni kitu cha kuwafaa majirani, wasiamshwe na kelele. Kwetu ni kitu gani? Ni kitu kinachofichika chini ya koti na hakimwambii mtu kama kimetumika. Mtu wa bariere akimfungua kijana wa miaka 17 koti akaikuta, hatauliza ni ya upepo au ya baruti. Atauliza, nani amekutuma? Na jibu la «panya» litamchekesha au litamkasirisha, hakuna la tatu. Hapa barabara zinabadilisha wenyewe. Mwaka 2025 Walikale-centre iliingiwa mwezi wa 3, ikaachwa mwezi wa 4, na kila aliyeingia alitaka kujua nani alikuwa na nini nyumbani. Tangu mwezi wa 5 wa 2021 serikali iliuweka mkoa wetu chini ya utawala wa kijeshi, na sheria ya silaha ya mwaka 1985 inataka ruhusa kwa mwenye silaha. Anayefikiri ya upepo haihesabiwi, aende akaulize kwa utawala kwanza, kabla ya kutoa dola. Asingoje kuulizwa njiani.

Asubuhi nilimweleza hayo. Alinyamaza muda mrefu, akichora chini kwa kijiti. Kisha akasema, bila kuniangalia:

«Na mtu akija usiku, Mama? Baba hayuko.»

Basi panya walikuwa nusu tu ya habari. Mtoto wangu alikuwa halali vizuri tangu majirani zetu wa ng'ambo ya kijito walipovunjiwa mlango. Alitaka kitu cha kulaza kando ya mkeka. Mimi nilikuwa nimepima milimita na mbio za sauti, na kumbe yeye alikuwa amebeba hofu ya nyumba nzima peke yake.

Nilimwambia ukweli, kwa sababu ana umri wa kuusikia. Kitu kinachotosha kuua panya kwa mita 20 hakimzuii mtu mwenye kalashnikov. Kinampa sababu tu. Mtu aliyekuja kuchukua mbuzi, akiona umbo la bunduki gizani, anaacha mbuzi na kuchukua roho. Nikamwambia: «Papa, mbegu nitazikopa tena. Wewe sitakukopa popote.» Alilia kidogo, nami pia. Kisha tukakubaliana mambo mawili. Usiku mtu akigonga, hafungui wala hatoki mbele. Tunapiga sufuria, na jirani akisikia naye anapiga yake. Hilo nilikwenda kulisema kwa wamama wa mtaa wetu siku ileile, na nyumba saba zimekubali.

La pili lilikuwa panya. Dola 70 zake na kidogo changu zilifanya kazi hii:

Tulinunua bidoni za plastiki zenye mfuniko wa kukaza. Maharagi yakaushwe sana kwanza, mpaka ukiuma punje inalia kavu, kisha ujaze mpaka juu kabisa ili hewa isibaki. Panya hasikii harufu, na dudu wa maharagi wanakufa kwa kukosa hewa. Mifuko ya tabaka tatu nayo inazuia dudu, lakini panya anaitoboa, kwa hiyo usiiache chini.

Ghala ya mihindi tuliipandisha kwenye miguu ya kimo cha mita moja, na kila mguu tukauvalisha bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa. Panya anapanda, anafika kwenye bati, anashuka. Tulikata majani yote kando yake, kwa sababu tawi moja likigusa ghala ni ngazi.

Kijana alitengeneza mitego ya ndoo. Maji yanafika nusu ya ndoo. Juu yake unapitisha waya uliochomekwa katikati ya kopo tupu, na kopo linapakwa mawese na unga. Panya anakanyaga kopo, linazunguka, anaanguka. Asubuhi unamtoa kwa mfuko wa plastiki mkononi, unamfukia mbali na kisima, unanawa kwa sabuni. Ndoo yenye maji ifunikwe mchana au iwekwe juu, mtoto anayetambaa asiifikie.

Na tulileta paka wawili. Wazee walisema kweli: paka akiondoka, panya hutawala.

Sitawadanganya kwamba yote yalikwenda sawa. Paka mmoja alikufa mwezi wa pili. Nyumba ya jirani walitega sumu ya panya kwenye sambaza, panya akala, paka wetu akamla panya. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini sambaza zile zilikuwa zimewekwa chini, mahali mtoto yeyote angeziokota. Na panya wa nyumba isiyotega walihamia kwetu kila tulipopunguza wetu. Huko Morogoro, Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine kina watu waliowasoma panya wa mashamba kwa miaka mingi, na shauri lao ni lile ambalo koko zetu wangetupa: tegeni pamoja, kijiji kizima, siku moja, hasa kabla ya kupanda. Ukitega peke yako unawafugia wenzako, nao wanakufugia.

Kwa hiyo naomba mambo matatu kwenye mkutano wetu ujao. Tuchague siku moja ya salongo ya panya kabla ya mbegu kuingia udongoni. Tukubaliane kwamba hakuna anayetega sumu bila kuwaambia majirani, na hakuna anayeitega chini wala kuichanganya na chakula ambacho mtoto anakijua. Na mkopo wa mbegu wa AVEC utoke pamoja na bidoni yake, ili tusikope kwa ajili ya kulisha panya.

Mwanangu sasa anatengeneza mitego ya ndoo kwa nyumba nyingine, anaiuza franga kidogo. Mbegu za msimu huu zilifika shambani zote isipokuwa kopo moja. Panya wa dari bado wapo, siwezi kusema wamekwisha. Ila siku hizi usiku nikiwasikia, nikiinua kichwa, ninamwona kijana upande wa pili wa chumba. Amelala, na kando ya mkeka wake kuna sufuria na mwiko.

Wamama, mtoto wako akikuletea picha ya bunduki, usianze na bei wala na fimbo. Muulize kwanza analalaje.