Udongo, shabu na kompyuta isiyolala

Najua nimeadimika. Wale mnaosema nimepata mchumba tulieni, ni projekti tu, na Alhamisi nawasilisha.

Wengi mnaniuliza ile picha kama kitambaa cha lesi kwenye skrini yangu ni nini. Ni matope, wadau. Chukua chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa maikroni 1, iache izame yenyewe kwenye ndoo yenye kina cha sentimita 30. Kwa hesabu ya Stokes itachukua siku kama 4 kufika chini! Na haziungani ovyo, maana zote zina chaji hasi, zinasukumana. Ndiyo maana mama zetu wanatia shabu. Alumini iliyomo ina chaji chanya, inaua ule msukumano, chembe zikigongana zinanasana, yanakuwa mabonge, mabonge yanazama.

Programu yangu inaigiza hapo penye kunasana. Namwaga chembe 2,000 ndani ya kisanduku, kila moja inatangatanga kama mlevi, ikigusana na mwenzake haziachani, zinaanza kutangatanga pamoja. Basi! Ungetegemea upate mpira. Wapi, unapata matawi na matundu kibao, kwa sababu anayekuja ananaswa na ncha za nje kabla hajafika ndani. Witten na Sander walionyesha kitu cha aina hii mwaka 1981, wakiongeza chembe mojamoja.

Sasa msimamizi wangu akaangalia, akasema: "Picha nzuri. Inamsaidia nini mwenye ndoo?" Kha! Swali hilo lilinikosesha raha siku tatu, maana ndilo nitakaloulizwa Alhamisi.

Jibu liko kwenye namba moja. Mpira uliojaa, ukiukuza upana mara 2, unahitaji chembe mara 8. Bonge langu linahitaji mara 3.5 tu, kipimo chake cha fraktali ni kama 1.8. Kilichobaki humo ni maji matupu, kwa hiyo kadiri linavyokua ndivyo linavyozidi kuwa laini. Lakini ukiweka sheria kwamba migongano mingi haishiki, tuseme 1 tu kati ya 1,000, chembe zinapata nafasi ya kupenya ndani, na namba inapanda kuelekea 2.1. Bonge linakuwa zito zaidi, ila unalisubiri sana. Mwenye ndoo anachagua kati ya hayo mawili. Kukoroga sijakuweka, na kukoroga kunavunja mabonge, hilo nitalisema mwenyewe kabla sijabanwa.

Tatizo ni kwamba hiyo ya 1 kati ya 1,000 inaenda kwa mwendo wa konokono. Iko hewani tangu Jumamosi, nimeipanga ijihifadhi kila nusu saa maana umeme wetu mnaujua. Saa hizi yamebaki mabonge 41. Rumeti analalamikia kelele za feni, nimemwambia ndugu yangu, vumilia mpaka Jumatano.