Nilimsingizia Fundi, Kumbe Mpira

Nilimwambia fundi wangu, mbele ya wateja wake kule Ngamiani, kwamba ameniharibia kabureta. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira, basi.

Gari ni Peugeot 504 saluni, injini ya cc 1,971, la zama zile 504 zilipokuwa zimejaa barabara za pwani yetu. Gari la aina hiyo ndilo lililoshinda Safari Rally ya mwaka 1975. Fundi alikuwa amelifanyia sevisi: plagi mpya, pointi za distribyuta zimerekebishwa, kabureta imesafishwa. Haukupita muda, sailensi ikaharibika. Nikisimama tu, injini inatikisika mpaka usukani unacheza, na mara nyingine inazima kabisa. Lakini nikishika njia ya Segera na kukanyaga mafuta, gari linakwenda vizuri, halina tabu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeigusa kabureta mara ya mwisho, nikahukumu kwamba tatizo ni kabureta, na mkosaji ni yeye.

Baada ya hapo sikuchunguza tena. Nilikuwa natafuta vya kuithibitisha hukumu yangu.

Niliifungua kabureta mwenyewe. Sikukuta uchafu, nikasema basi skrubu ya mchanganyiko imelegea, nikaikaza kwa nguvu mpaka ncha yake ikaingia alama. Niliiharibu mimi. Nikaagiza kabureta ya mtumba kutoka Dar es Salaam, nikaifunga, na gari likaendelea kutetemeka vilevile. Hapo mtu mwenye akili zake angejiuliza: kama kabureta mbili zinatoa ugonjwa mmoja, je, ugonjwa uko kwenye kabureta? Mimi nilisema mtumba nao ni mbovu. Nikapandisha sailensi ili injini isizime, petroli ikawa inakwisha haraka, nami nikazoea.

Dalili zilikuwepo wakati wote. Nikivuta choki kidogo hata injini ikiwa imeshapata moto, inatulia. Maana yake ilikuwa inapata hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo. Tena breki zilikuwa zimekuwa ngumu, nakanyaga kwa nguvu ya mguu mzima. Hilo nililiweka kando nikidhani ni pedi zimekwisha, nikaahidi kuzibadilisha mwisho wa mwezi. Sikufikiri hata mara moja kwamba yale mambo mawili ni jambo moja.

Nililijua hilo Muheza, gari liliponizimikia karibu na soko. Alikuja fundi kijana. Nilianza kumweleza habari za kabureta, akanisikiliza kwa adabu, kisha badala ya kufungua boneti akaomba kukaa kwenye usukani. Akawasha. Akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena.

“Mzee, unasikia? Nikikanyaga breki injini inabadilika sauti.”

Nilisikia. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kwa muda mrefu, ila sikuwahi kuisikiliza. Akafungua boneti, akachukua koleo, akabana mpira mnene unaotoka kwenye njia ya hewa ya injini kwenda kwenye chombo kinachosaidia breki. Mtikisiko ukakata papo hapo, injini ikapanda kwa kelele kwa sababu ya sailensi niliyoipandisha mwenyewe. Akaishusha kwa bisibisi, ikatulia. Kisha akaupindua mpira nione upande wa chini: ulikuwa umepasuka karibu na klampu, kwa uzee na joto. Nilisimama pale nimeshika boneti, sina la kusema. Nilichokifikiria hakikuwa injini. Nilifikiria wanangu niliokuwa nikiwapeleka Pangani katika gari lenye breki za namna ile.

Kwa nini njiani lilikuwa zima? Mguu ukiwa haupo kwenye mafuta, njia ya hewa ndani ya kabureta huwa karibu imefungwa, na injini huvuta kwa nguvu kubwa kupitia upenyo wowote inaoupata. Ufa mdogo unatosha kuivuruga. Ukikanyaga mafuta, hewa inapita kwa wingi kwenye njia yake, na ile ya ufa haionekani tena.

Bei ya mpira haikufika robo ya bei ya kabureta niliyonunua. Hilo la fedha limekwisha. Lakini jamaa zangu wawili walikuwa wamehamisha magari yao kwa fundi mwingine kwa maneno yangu. Nilikwenda kumwomba radhi yule fundi wa Ngamiani, mbele ya watu kama nilivyomtukana mbele ya watu. Alinipa mkono. Jamaa mmoja alirudi kwake, mwingine hakurudi.

Nawe mwenye gari la kabureta, likianza kukutetemekea, fanya hivi kabla hujashika bisibisi na kabla hujamshika mtu. Zima injini. Kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uache mguu ukiwa juu yake, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, mvuto unafika. Isiposhuka, usiende safari. Angalia ule mpira, na uuangalie upande wa chini.